Kiongozi wa Sehemu ya Muungano: Maisha na Uongozi wa Aboud Jumbe Mwinyi, Rais wa Pili wa Zanzibar (1972–1984)

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha na uongozi wa Aboud Jumbe Mwinyi, aliyeshika Urais wa Zanzibar kuanzia Aprili 1972 hadi Januari 1984. Nafasi yake inatazamwa kwa kulinganishwa na ile ya gavana wa jimbo nchini Marekani, kwa kuwa wote wawili ni viongozi wa sehemu iliyomo ndani ya dola kubwa zaidi. Hoja inayojengwa ni kwamba uimara wa kiongozi wa namna hiyo hautokani na ukubwa wa cheo chake, bali unatokana na chombo chenye uwezo wa kumwondoa. Jumbe aliwapa Wazanzibari katiba, Baraza la Wawakilishi na kura ya kumchagua Rais wao. Wakati huohuo aliridhia kuundwa kwa chama kimoja ambacho vikao vyake vilikuwa na kauli kubwa kuliko kura hiyo. Mpiga kura wa Jang'ombe, mtaa wa Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, anatumiwa kama kipimo cha hoja hiyo.

Maneno muhimu: Zanzibar, Muungano, Aboud Jumbe, Jang'ombe, gavana, katiba, chama kimoja

1.0 Utangulizi

Mkaazi wa Jang'ombe anapokwenda kituoni siku ya Uchaguzi Mkuu hupiga kura tano. Humchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Rais wa Zanzibar, Mbunge, Mwakilishi na Diwani. Mwenzake wa Tanzania Bara hupiga kura tatu tu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Tofauti hiyo ya kura mbili ndiyo alama iliyo wazi zaidi ya muundo wa Muungano ulioanza tarehe 26 Aprili 1964. Mkaazi huyo anatawaliwa na serikali mbili, na kila moja ina rais wake.

Hata hivyo, kura ya kumchagua Rais wa Zanzibar si kongwe kama Muungano wenyewe. Kwa muda wa miaka kumi na sita, kuanzia Mapinduzi ya Januari 1964 hadi mwaka 1980, Mzanzibari aliweza kuulizwa kwa kura iwapo anamkubali Rais wa Jamhuri ya Muungano, lakini hakuulizwa juu ya Rais wa Zanzibar. Aliyeianzisha kura hiyo ni Aboud Jumbe. Miaka minne baadaye, Jumbe huyohuyo aliondoka madarakani bila ya waliompigia kura kuulizwa lolote. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo mawili yalivyotokea ndani ya uongozi wa mtu mmoja, na yanadokeza funzo lake katika kuuelewa Urais wa Zanzibar.

2.0 Gavana na Rais wa Zanzibar: Mfanano na Mipaka Yake

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana anayechaguliwa na wapiga kura wa jimbo hilo. Gavana huongoza serikali ya jimbo, hutia saini sheria zinazopitishwa na bunge la jimbo, na huwa kamanda wa askari wa ulinzi wa jimbo isipokuwa pale Rais wa nchi anapowachukua chini ya amri yake. Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yanaacha mikononi mwa majimbo au wananchi madaraka ambayo Katiba haikuikabidhi serikali ya shirikisho wala kuyakataza majimbo. Rais wa Marekani hana uwezo wa kumfukuza gavana. Gavana huondolewa na watu wa jimbo lake au vyombo vya jimbo lake. Evan Mecham wa Arizona aliondolewa na Seneti ya jimbo hilo mwaka 1988, na Gray Davis wa California aliondolewa kwa kura ya wananchi mwaka 2003.

Nchini Kenya, neno gavana lilipata maana mpya baada ya Katiba ya mwaka 2010, iliyounda kaunti 47 zenye viongozi wa kuchaguliwa. Rais wa Zanzibar amezidi kiwango cha gavana wa kaunti, na kwa namna fulani amezidi pia kiwango cha gavana wa Marekani. Zanzibar iliingia katika Muungano ikiwa dola kamili, yenye kiti katika Umoja wa Mataifa tangu Desemba 1963. Kwa hiyo mfanano unaozungumziwa hapa una mpaka. Unahusu jambo moja tu, nalo ni nafasi ya kiongozi aliyechaguliwa na watu wa sehemu, anayelazimika kuishi pamoja na mamlaka ya dola nzima. Kwa jambo hilo, ulinganisho una manufaa.

Mapatano ya Muungano ya mwaka 1964 yaliorodhesha mambo 11 ya Muungano na kuyaacha mengine yote chini ya Serikali ya Zanzibar. Baadaye orodha hiyo ilirefushwa na kufikia mambo 22, yakiwemo masuala ya sarafu na benki, elimu ya juu, na mafuta na gesi asilia. Kila nyongeza ilipunguza eneo la madaraka ya Rais wa Zanzibar. Kwa upande mwingine, Rais huyo alikuwa pia Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alikuwa na kiti katika pande zote mbili, jambo ambalo gavana wa Marekani hana.

3.0 Kutoka Ualimu hadi Serikalini

Aboud Jumbe alizaliwa tarehe 14 Juni 1920. Alisoma Unguja, kisha akaenda Chuo cha Makerere nchini Uganda katika miaka ya 1940, wakati ambapo Wazanzibari wachache sana walifika ngazi hiyo ya elimu. Aliporudi alifundisha kwa zaidi ya muongo mmoja. Aliingia katika Afro-Shirazi Party (ASP) mwaka 1960, wakati mashindano ya vyama yalipokuwa makali na chaguzi zikifuatana kwa kasi.

Nguvu ya ASP mjini ilikuwa Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na mitaa ya mashariki. Jang'ombe ni miongoni mwa mitaa hiyo. Katika uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957, ni Ng'ambo ambako Abeid Amani Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani. Jumbe alikuwa mtu wa aina nyingine. Karume alikuwa baharia aliyejifunza siasa katika safari na katika vilabu vya mitaani, ilhali Jumbe alikuwa mwalimu aliyezoea kuandika. Tofauti hiyo ilijitokeza baadaye katika namna kila mmoja wao alivyotawala.

Baada ya Mapinduzi, Jumbe aliingia katika Baraza la Mawaziri la serikali ya kwanza ya Mapinduzi. Muungano ulipoundwa, alikuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, yaani ofisi ya Karume ndani ya serikali ya Muungano. Kwa hiyo, kwa miaka minane kabla ya kuwa Rais, kazi yake ilikuwa mahali hasa ambapo serikali mbili hukutana.

4.0 Ujenzi wa Taasisi, 1972–1980

Karume aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972 katika makao makuu ya ASP, Kisiwandui. Jumbe alichaguliwa na Baraza la Mapinduzi kushika nafasi yake. Aliirithi serikali isiyo na katiba iliyoandikwa. Baraza la Mapinduzi lilikuwa likitunga sheria na kuzitekeleza, na hapakuwa na chombo cha kuchaguliwa kilichoweza kulihoji.

Mabadiliko aliyoyaleta hayakuja kwa haraka. Maisha ya kila siku yalilegezwa kidogo, na bei nzuri ya karafuu katika sehemu ya miaka ya 1970 iliiwezesha serikali kuendelea na miradi yake, ikiwemo televisheni ya rangi iliyoanzishwa mapema katika utawala wake. Ujenzi wa majumba ya Michenzani, ulioanza wakati wa Karume, uliendelea kuibadilisha sura ya Ng'ambo.

La kudumu zaidi lilikuwa Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1979, ya kwanza tangu Mapinduzi. Katiba hiyo iliunda Baraza la Wawakilishi, lililoanza kazi Januari 1980, na ikaweka utaratibu wa Rais wa Zanzibar kupigiwa kura na Wazanzibari. Mwanzoni wajumbe wengi wa Baraza hawakuchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Uchaguzi wa moja kwa moja wa wawakilishi katika majimbo ulifuata mwaka 1985. Aidha, katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1980 mgombea alikuwa mmoja tu, na mpiga kura alitakiwa kujibu ndiyo au hapana. Hata hivyo, hatua hiyo haikuwa ndogo. Kwa mara ya kwanza tangu 1964, mtu wa Jang'ombe aliulizwa iwapo anamkubali kiongozi wa Zanzibar.

Haifai kulisahau jambo jingine. Jumbe mwenyewe alitawala kwa miaka minane kabla ya kuuliza swali hilo. Anayemtazama kama mjenzi wa demokrasia pekee anaiacha nusu ya kwanza ya utawala wake.

5.0 Mwaka 1977: Chama Kimoja cha Nchi Mbili

Kabla ya mwaka 1977, Jamhuri ya Muungano ilikuwa na vyama viwili, kila kimoja na eneo lake: TANU Bara na ASP Zanzibar. Mpangilio huo ulimpa Rais wa Zanzibar ngome. Kiongozi wa Zanzibar alikuwa pia kiongozi wa chama cha Zanzibar, na chama hicho hakikuwajibika mbele ya kikao chochote kilichokuwa nje ya Visiwa.

Tarehe 5 Februari 1977, siku ya kutimia miaka ishirini tangu kuzaliwa kwa ASP, vyama hivyo viliungana na kuwa Chama Cha Mapinduzi (CCM). Julius Nyerere alikuwa Mwenyekiti na Jumbe akawa Makamu Mwenyekiti. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka huohuo ilithibitisha kwamba chama ndicho kinachoshika hatamu za uongozi wa nchi.

Kwa Jumbe, muungano wa vyama ulikuwa tendo la imani kwa Muungano. Kwa upande wa madaraka, ulihamisha kitu muhimu. Kuanzia siku hiyo, mgombea Urais wa Zanzibar alipaswa kupitishwa na vikao vya chama ambacho wajumbe wake wengi walitoka Bara, na Rais aliyekuwa madarakani aliwajibika mbele ya vikao hivyohivyo. Katiba ya Zanzibar iliyofuata miaka miwili baadaye ilijengwa juu ya msingi huo. Wazanzibari walipewa kura, lakini jina la kupigiwa kura lilitoka Dodoma. Basi Jumbe alijenga kwa mikono miwili iliyopingana: mkono mmoja ulijenga nyumba ya Wazanzibari, na wa pili ukaukabidhi ufunguo kwa mtu wa nje ya nyumba.

6.0 Mjadala wa Mwaka 1983 na Kujiuzulu

Mapema mwaka 1983, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilitoa mapendekezo ya kuibadili Katiba ya Muungano na kuwaalika wananchi kuyajadili. Suala la kuuimarisha Muungano lilikuwa miongoni mwa mada. Visiwani, mjadala uliivuka mipaka iliyokusudiwa. Watu waliuliza hadharani kwa nini Tanganyika haina serikali yake, kwa nini mambo ya Muungano yanaongezeka, na kama Mapatano ya mwaka 1964 yalikusudia serikali mbili au tatu.

Jumbe alikuwa na jibu lake. Kwa tafsiri yake, Mapatano ya Muungano yalikuwa yameweka mamlaka tatu: ya Zanzibar, ya Tanganyika na ya Muungano. Kuvikwa kwa serikali ya Tanganyika joho la Muungano kulikuwa, kwa mtazamo huo, ukiukaji wa makubaliano. Kwa msaada wa Mwanasheria Mkuu wake, Bashir Swanzy, alitayarisha hoja za kisheria zilizokusudiwa kupelekwa mbele ya Mahakama Maalumu ya Katiba. Mahakama hiyo iliwekwa na Katiba ya Muungano ya mwaka 1977 kwa kazi mahsusi ya kuamua migogoro kati ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Zanzibar. Wajumbe wake ni nusu kwa nusu kutoka kila upande, na uamuzi wake huhitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande.

Kwa maneno mengine, njia aliyoikusudia Jumbe ilikuwa ya kikatiba. Haikuwa tangazo la kujitenga. Lakini nyaraka hizo ziliwafikia viongozi wa juu wa chama kabla hazijawasilishwa mahakamani, na suala lililokuwa la sheria likawa suala la utiifu. Katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa kilichofanyika Dodoma mwishoni mwa Januari 1984, hali iliyokuja kuitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar ilijadiliwa kwa siku kadhaa. Jumbe alijiuzulu nyadhifa zake zote: Urais wa Zanzibar, Uenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, Umakamu wa Rais wa Jamhuri na Umakamu Mwenyekiti wa CCM. Waziri Kiongozi wake, Ramadhan Haji Faki, naye aliondoka. Ali Hassan Mwinyi alishika nafasi ya Urais wa Zanzibar.

Kwa sura yake, tukio hilo lilikuwa kujiuzulu kwa mtu mmoja. Kwa uhalisia wake, Rais aliyepigiwa kura na Wazanzibari mwaka 1980 alipoteza kiti chake katika kikao cha chama kilichofanyika nje ya Zanzibar. Baraza la Wawakilishi, alilolianzisha yeye mwenyewe, halikuwa mahali pa uamuzi. Mahakama Maalumu ya Katiba haikuitishwa kuisikiliza hoja yake.

7.0 Kulinganisha na Arkansas, 1957

Ili kuona uzito wa jambo hilo, inafaa kutazama mgogoro mwingine kati ya kiongozi wa sehemu na dola nzima. Orval Faubus alichaguliwa gavana wa jimbo la Arkansas mwaka 1954. Septemba 1957 aliwatumia askari wa ulinzi wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie katika shule ya sekondari ya Central mjini Little Rock, ingawa Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 1954 kwamba ubaguzi wa rangi katika shule za umma ulivunja Katiba. Rais Dwight Eisenhower aliwachukua askari hao chini ya amri yake na kupeleka wanajeshi wa shirikisho ili wanafunzi waingie darasani. Septemba 1958, Mahakama Kuu iliamua kwamba viongozi wa jimbo wanafungwa na hukumu zake.

Faubus alikuwa upande wa dhuluma, na sheria ilimshinda. Lakini hakuna aliyemwondoa katika kiti chake kutoka Washington. Alichaguliwa jumla ya mara sita na akamaliza muda wake Januari 1967. Kilichoshindwa kilikuwa amri yake. Kiti chake kilibaki mikononi mwa wapiga kura wa Arkansas, kwa wema au kwa ubaya wao.

Zanzibar ya mwaka 1984 inaonyesha kinyume chake. Hoja ya Jumbe haikupata hukumu, ya kuikubali wala ya kuikataa, na aliyeileta ndiye aliyeondoka. Ulinganisho huu hausemi kwamba mfumo wa Marekani huzaa viongozi bora. Mfano wa Faubus wenyewe unakanusha dai hilo. Unaonyesha kwamba inawezekana kutenganisha maswali mawili: nani ana haki katika mgogoro, na nani ana haki ya kuwa kiongozi. La kwanza ni la mahakama, la pili ni la wapiga kura. Katika kikao cha Dodoma maswali hayo mawili yalijibiwa mahali pamoja na kwa siku zilezile.

Yapo maelezo ya upande wa pili, na yana uzito. Muungano ulikuwa na umri wa miaka ishirini tu, nchi ilikuwa katika dhiki ya uchumi, na viongozi wa chama waliamini kwamba mgogoro wa wazi baina ya serikali mbili ungeuvunja Muungano wenyewe. Chini ya mfumo wa chama kimoja, Jumbe alikuwa Makamu Mwenyekiti, na kiongozi wa chama alitarajiwa kuzitoa hoja zake ndani ya vikao kabla ya kwenda kwingine. Maelezo hayo yanafafanua sababu ya kilichotokea. Hayaondoi ukweli kwamba utaratibu uliokuwepo haukumpa mpiga kura nafasi yoyote.

8.0 Baada ya Jumbe

Jumbe aliishi miaka thelathini na miwili baada ya kuondoka madarakani, kwa sehemu kubwa katika eneo la Mji Mwema, Kigamboni, jijini Dar es Salaam. Mwaka 1994 alichapisha kitabu kwa Kiingereza kuhusu miaka thelathini ya Muungano, ambamo alirejea hoja zake. Alifariki dunia tarehe 14 Agosti 2016 na kuzikwa Migombani, Unguja.

Swali lake halikuzikwa mwaka 1984. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoteuliwa mwaka 1991 kuangalia mfumo wa vyama, ilipendekeza muundo wa serikali tatu. Mwaka 1993 kundi la wabunge lililojulikana kama G55 lilidai serikali ya Tanganyika. Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2013 ilipendekeza tena serikali tatu, ingawa Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 lilirudi kwenye serikali mbili. Wazo lililomgharimu Jumbe kiti chake lilikuja kuandikwa na tume za serikali bila ya wajumbe wake kuitwa wasaliti.

Kiti chenyewe pia kilibadilika. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 ililipa Baraza la Wawakilishi utaratibu wa kumshtaki Rais, na hivyo kuiweka njia ya kumwondoa ndani ya Zanzibar. Marekebisho ya Katiba ya Muungano ya mwaka 1994 yalimwondolea Rais wa Zanzibar Umakamu wa Rais wa Jamhuri. Aliyekuwa na viti viwili akabaki na kimoja. Kurejea kwa vyama vingi mwaka 1992 kulimpa mpiga kura zaidi ya jina moja la kuchagua. Marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010 yaliitaja Zanzibar kuwa nchi. Hata hivyo, mgombea wa chama tawala kwa Urais wa Zanzibar bado huteuliwa na vikao vya kitaifa vya chama hicho, ambavyo ni vyombo vya Muungano mzima.

9.0 Hitimisho

Maisha ya Aboud Jumbe yanaonyesha kwamba katiba, baraza na kura havitoshi kumlinda kiongozi wa sehemu ya Muungano iwapo uwezo wa kumteua na kumwondoa uko katika chombo kilicho juu ya vitu hivyo. Gavana wa Marekani anaweza kushindwa mahakamani na bado akarudi kwa wapiga kura wake kusubiri hukumu yao. Jumbe hakupata lolote kati ya hayo mawili, ingawa alikuwa na cheo kikubwa zaidi.

Kwa watafiti, jambo hilo linapendekeza kwamba mijadala ya muundo wa Muungano isiishie kwenye idadi ya serikali. Serikali tatu ambazo viongozi wake wote wanawajibika mbele ya kikao kimoja cha chama hazitakuwa na tofauti kubwa na serikali mbili. Swali lililo karibu zaidi na maisha ya mkaazi wa Jang'ombe ni jingine: katika zile kura tano anazozipiga, ile inayomchagua Rais wa Zanzibar inaweza kutenguliwa na nani, wapi, na kwa utaratibu gani? Mwaka 1984 jibu lilikuwa nje ya mikono yake. Kiasi ambacho jibu hilo limerudi Visiwani tangu wakati huo ndicho kipimo halisi cha umbali uliokwisha kupitiwa.